Kilichojulikana Kongwa: mipango ya miradi, vihatarishi na njia ya kuingia kwenye fani

Vita vya Pili vya Dunia vilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka wazo serikalini: karanga zilimwe kwa mashine katika nyika za Tanganyika. Ujumbe wa watu watatu, ukiongozwa na John Wakefield aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ukazunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa, sehemu kubwa ya safari kwa ndege, ukarudi London na ripoti iliyosema jambo linawezekana. Ekari zaidi ya milioni 3 zingefyekwa katika miaka 6 kwa takribani pauni milioni 25. Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Ugogo, mwaka 1947. Januari 1951 serikali hiyo hiyo ilitangaza kuachana na mpango, na hasara ilikuwa takribani pauni milioni 36.

Mpango wa Karanga umesimuliwa sana kama kichekesho cha wakoloni, na vichekesho havikukosekana: matrekta yaliyoundwa kutokana na vifaru vya kivita, majembe ya mashine yaliyolika kwa mchanga kabla ya kumaliza msimu, mizizi ya vichaka iliyogoma kung'oka. Lakini mtu anayetaka kujifunza kupanga mradi akiweka kicheko pembeni ataona jambo la kushangaza zaidi. Karibu kila kilichouangusha mpango ule kilikuwa kinajulikana tangu mwanzo. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi ambao mvua ikikosekana hukakamaa hadi karanga haichimbuliki. Mvua za Ugogo ni chache na hazina uaminifu. Wenyeji walikuwa bado wanaikumbuka njaa ya Mtunya ya mwaka 1919, na si bure kwamba walishikilia uwele, mtama na ng'ombe. Reli ilikuwa njia moja tu kutoka Dar es Salaam, na bandari yenyewe ilikuwa tayari imeelemewa na shehena.

Mgogo mchungaji alikuwa na habari za mvua, stesheni masta alikuwa na habari za reli, na kuli wa bandarini alijua meli zinasubiri gati kwa muda gani. Maarifa yalikuwepo, ila hayakuwa na njia ya kufika kwenye karatasi ya waziri wa chakula, John Strachey, kabla fedha hazijatoka. Hoja yangu katika uchambuzi huu ni hiyo moja: kihatarishi kikubwa cha mradi kwa kawaida kinajulikana na mtu fulani siku ya kwanza, na kazi kubwa ya msimamizi wa mradi ni kumtafuta mtu huyo, kumsikiliza, kisha kuwa na ujasiri wa kuandika alichokisema.

Zana za kupanga ambazo hufundishwa vyuoni leo nyingi zilikuja baada ya Kongwa. Chati ya mistari ya Henry Gantt ilikuwepo tangu miaka ya 1910, lakini mwaka 1957 ndipo wataalamu wa DuPont na Remington Rand huko Marekani walipobuni mbinu ya kutafuta mfululizo wa kazi ambazo ikichelewa moja, mradi mzima unachelewa. Mwaka uliofuata jeshi la majini la Marekani likaleta PERT kwa ajili ya makombora ya Polaris. Hiyo hukadiria muda wa kila kazi kwa namba tatu, yaani mambo yakienda vizuri, yakienda kawaida na yakienda vibaya. Kijana anayeingia kwenye fani hana budi kuzijua. Ajue pia kwamba zana hizi hupanga kile tu kilichoingizwa. Kazi ambayo hakuna aliyeitaja haitaonekana kwenye chati hata ipakwe rangi gani.

Hata kazi zilizotajwa hukadiriwa kwa matumaini. Daniel Kahneman na Amos Tversky walilieleza hilo mwaka 1979: mpangaji huutazama mradi wake kutoka ndani, hatua kwa hatua, na kusahau miradi ya aina ile ile ilivyokwenda kwa wengine. Bent Flyvbjerg wa Denmark amekusanya kumbukumbu za miradi zaidi ya 16,000 duniani, na matokeo yake yanatia baridi. Iliyomalizika ndani ya bajeti na ndani ya muda ni asilimia 8.5. Iliyotimiza bajeti, muda na manufaa yaliyoahidiwa ni asilimia 0.5. Ushauri wake ni kuanza na miradi ya jamii moja na wako ambayo imekwisha kujengwa, uone ilikula miaka mingapi na fedha kiasi gani, ndipo ueleze kwa nini wako utakuwa tofauti.

Kwetu kumbukumbu hizo zipo na hazihitaji kutafutwa mbali. Mkataba wa Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji ulisainiwa Desemba 2018, na kazi ilitarajiwa kukamilika Juni 2022. Mtambo wa kwanza ulianza kuzalisha umeme Februari 2024, wa tisa na wa mwisho mwaka 2025. Reli ya kisasa kati ya Dar es Salaam na Morogoro ilianza kujengwa mwaka 2017 ikipewa miezi 30. Abiria walipanda treni Juni 2024. Sababu ni nyingi, na nyingine, kama janga la UVIKO-19, hakuna aliyeweza kuziwekea tarehe. Wala si aibu ya Tanzania peke yake, maana kwa hesabu za Flyvbjerg kuchelewa ndiyo kawaida ya dunia, na bwawa lile leo lina mitambo ya megawati 2,115. Kasoro ni kwamba mradi unaofuata hutangazwa kwa tarehe zile zile za matumaini, kana kwamba uliotangulia ulijengwa katika nchi nyingine.

Kuna kihatarishi kimoja ambacho vitabu vya Marekani haviwezi kukitaja kwa sababu ni cha kalenda yetu, nacho kinastahili kuangaliwa kwa makini kuliko vingine vyote. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1. Bajeti ikishapita, zabuni hutangazwa, hutathminiwa, wasioridhika hukata rufaa, mkataba husainiwa, malipo ya awali husubiriwa. Mpaka mkandarasi aweke kambi saiti, mara nyingi ni Novemba au baada ya mwaka mpya. Sasa tazama mvua. Dodoma, Singida, Iringa na Songea hupata msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Pwani na kaskazini hupata vuli kati ya Oktoba na Desemba, na masika kati ya Machi na Mei. Kiangazi chote cha Julai hadi Oktoba, wakati ardhi imekauka na malori yanapita popote, huishia kwenye makaratasi. Greda huingia barabarani pamoja na mvua. Kisha Juni inakaribia, hofu ya fedha kurudi hazina inashika wakuu wa idara, na zege linamwagwa kwa haraka ambayo haina uhusiano wowote na uhandisi.

Kila dereva wa greda analijua hili. Ukimuuliza atakwambia barabara gani itakatika na mwezi gani. Mei 2024 barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika eneo la Somanga baada ya mvua kubwa, na wasafiri wakakwama. Msimamizi mzoefu wa wilaya hukabiliana na kalenda kwa kuirudisha nyuma: michoro, vipimo vya udongo na nyaraka za zabuni anaziandaa kuanzia Februari, ili Julai ikifika kilichobaki ni kutangaza. Haandiki kwenye mpango kwamba mvua inaweza kunyesha. Anaandika kwamba kazi ya udongo isipokwisha kufikia tarehe fulani ya Novemba itasimama hadi Mei, na anataja gharama ya kusimama huko. Sentensi hizo mbili zina tofauti kubwa, na kwangu tofauti hiyo ndiyo fani yenyewe.

Kwa habari ya nani anabeba mzigo kihatarishi kinapotimia, mfano bora ninaoufahamu uko Kenya, Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana. Mitambo 365 ya upepo, yenye uwezo wa megawati 310, ilisimikwa katika eneo ambalo upepo wake hauna mfano na barabara yake haikuwa na sifa yoyote. Wawekezaji waliona tatizo la barabara mapema: waliikarabati njia ya takribani kilomita 208 kutoka Laisamis kabla ya kusafirisha mapanga ya mitambo. Kihatarishi hicho kilikuwa mikononi mwao, wakakimaliza. Mitambo ilikuwa tayari mwaka 2017.

Umeme haukuwa na pa kwenda. Njia ya kuusafirisha hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa jukumu la shirika la serikali, na mkandarasi wake kutoka Hispania, Isolux, aliishiwa fedha katikati ya kazi. Wakandarasi wa Kichina waliimalizia mwaka 2018. Kwa muda wote huo mkataba wa kununua umeme ulikuwa unafanya kazi, na ulisema fidia italipwa hata kama umeme haujafika. Mzigo huo ukaishia kwa mwenye mita ya umeme Nakuru na Kisumu, mtu ambaye hakukaa kwenye kikao chochote. Je, hakuna aliyejua? Benki ya Dunia ilijiondoa kwenye dhamana ya mradi mwaka 2012, ikihofia kwamba Kenya ingelazimika kulipia umeme isioweza kuutumia. Onyo lilitolewa miaka mitano kabla. Na wafugaji wa Marsabit walikuwa wakilalamika kuhusu namna ekari 150,000 zilivyotwaliwa. Oktoba 2021 mahakama iliyoketi Meru iliamua kwamba hati za ardhi hiyo zilipatikana bila kufuata utaratibu. Mitambo ilikuwa inazunguka tayari.

Mradi ule unazalisha umeme safi na Kenya inauhitaji, hivyo si haki kuuita kushindwa. Unachoonyesha ni kwamba kihatarishi hakipotei kwa kutoandikwa. Kinahama, na hupenda kuhamia kwa yule asiye na wakili.

Huku maofisini kuna rejista ya vihatarishi, na hapa nisiwe mpole. Nyingi ni mazoezi ya kunakili. Chukua maandiko matano ya miradi kutoka mashirika tofauti na utakuta safu zile zile: kuchelewa kwa fedha, mabadiliko ya tabianchi, uelewa mdogo wa jamii, mabadiliko ya viongozi. Uwezekano ni wa kati, athari ni za kati, na hatua ya kukabiliana ni kuhamasisha wadau. Rejista ya namna hiyo hujazwa siku andiko linapotumwa na kufunguliwa tena siku mkaguzi anapokuja. Kihatarishi kilichoandikwa ipasavyo kina chanzo, tukio na matokeo. Kina jina la mtu mmoja anayekifuatilia, kwa sababu kamati haifuatilii kitu. Na kina dalili inayoonekana kwa macho ikianza kutimia. Mkandarasi asiyelipa mafundi wake Jumamosi mbili mfululizo ni dalili. Hali ya fedha za mkandarasi, ikitajwa hivyo tu kwenye jedwali, haimwambii mtu yeyote afanye nini.

Mbinu moja rahisi imenishawishi kuliko majedwali yote ya rangi nyekundu na njano. Gary Klein, mwanasaikolojia wa Marekani, aliieleza mwaka 2007. Kabla mradi haujaanza, timu inaambiwa ijione iko mwishoni, mradi umeshindwa vibaya sana, na kila mtu aandike kimya kimya kwa nini. Faida yake kwetu ni kubwa, kwa sababu katika vikao vyetu mdogo hampingi mkubwa. Mhasibu kijana ambaye hawezi kusema mbele ya mkurugenzi kwamba bajeti haitoshi ataandika bila woga kwamba mradi ulikufa kwa sababu bajeti haikutosha. Adabu inabaki pale pale, na habari inapita.

Ipo mifano ya upande wa pili. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilikataliwa na nchi za Magharibi na Benki ya Dunia kwa hoja kwamba hailipi. China ikakubali kwa mkopo usio na riba, ujenzi ukaanza Oktoba 1970, na Juni 1975 reli ilikuwa imefika mwisho, kabla ya muda uliopangwa. Wapimaji walitembea kwa miguu kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya kabla ya ujenzi, kwa hiyo kipande kigumu cha Mlimba hadi Makambako, chenye sehemu kubwa ya mahandaki na daraja la Mpanga lenye kimo cha takribani mita 50, hakikuwa habari mpya kwa yeyote. Gharama ya binadamu haikukosekana pia. Makaburi ya wataalamu wa Kichina yako Gongo la Mboto.

Hata hivyo reli ile haijawahi kufikia uwezo wake wa tani milioni 2 kwa mwaka. Vichwa vya treni vya awali havikumudu vizuri miinuko, vipuri vikawa shida, na baadaye shaba ya Zambia ikapata njia nyingine za kwenda baharini. Wajenzi walipanga ujenzi kwa ustadi; uendeshaji wa miaka thelathini iliyofuata haukupata umakini huo. Miradi yetu mingi ya maji vijijini ina ugonjwa huo huo kwa kiwango kidogo: kisima kinazinduliwa kwa ngoma, na pampu ikiharibika hakuna aliyepangiwa kuinunulia kifaa. Ukaguzi nao huja mwishoni: Mwenge wa Uhuru ukipita na kukataa kuzindua jengo lenye dosari tunashangilia, nami hushangilia, ingawa kwa wakati huo bati lipo juu na fedha imekwisha.

Sasa, mtu anaingiaje kwenye kazi hii? Jibu la kwanza ni kwamba Tanzania ina wasimamizi wa miradi maelfu ambao hawajui kwamba wana cheo hicho. Oktoba 2021 serikali ilizindua matumizi ya shilingi trilioni 1.3 za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, na sehemu yake ikajenga madarasa 15,000, kila moja kwa shilingi milioni 20, yawe tayari kwa muhula wa Januari 2022. Kwa utaratibu wa fosi akaunti, ambapo taasisi husimamia ujenzi yenyewe, mkuu wa shule aliyesomea kufundisha kemia akajikuta anasimamia mafundi, kamati ya manunuzi, kamati ya mapokezi na stoo ya saruji. Nchi nzima ilikuwa inakwenda kutafuta nondo na bati katika wiki hizo hizo, na kila mwenye duka la vifaa vya ujenzi alijua hiyo inamaanisha nini kwa bei. Wakuu wengi waliikamilisha kazi ile. Huo ni uzoefu wa mradi, wenye bajeti, tarehe ya mwisho na ukaguzi, na aliyeupitia ana haki ya kuuandika kwenye wasifu wake kwa maneno ya fani.

Jibu la pili ni vyeti, na nitapita haraka kwa sababu vinazungumzwa kupita thamani yake. Taasisi ya PMI ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1969, hutoa CAPM kwa wanaoanza, ambayo hudai masaa 23 ya mafunzo bila uzoefu, na PMP kwa waliokwisha kuongoza miradi, ambayo kwa mwenye shahada imekuwa ikidai uzoefu wa miaka 3 na masaa 35 ya mafunzo. Masharti hubadilishwa, kwa hiyo yasome kwenye tovuti yao kabla hujalipa mtu wa mafunzo. PRINCE2 ya Uingereza huulizwa zaidi na mashirika ya Ulaya. Cheti husaidia jina lako lisitupwe kwenye mchujo wa kwanza. Hakikufundishi kumkatalia mzabuni aliye shemeji wa diwani.

Kinachofundisha ni kazi ndogo zinazodharauliwa. Anayeshika stoo ya saiti hujua saruji inakwenda wapi. Msaidizi wa mkadiriaji majenzi hujifunza kusoma orodha ya kazi na vipimo, ambayo saiti wote huiita BOQ, na kuona bei iliyofichwa mahali pasipotazamwa. Afisa ufuatiliaji na tathmini hujifunza kutofautisha idadi ya semina na mabadiliko ya kweli. Anayeandika muhtasari wa vikao ndiye hujua nani aliahidi nini, na ni nafasi yenye nguvu kuliko wengi wanavyodhani. Ongeza ujuzi wa kutumia mfumo wa manunuzi wa NeST na lahajedwali, na uwezo wa kukaa na serikali ya kijiji bila haraka, halafu utakuwa na kitu ambacho mwenye cheti kitupu hana.

Tahadhari moja kuhusu wapi pa kuanzia. Kwa miaka mingi msomi aliyetaka kazi ya miradi alitazama mashirika ya wafadhili kwanza. Mwaka 2025 Marekani ilipoifunga USAID, timu nzima za miradi ya afya zilirudi nyumbani ndani ya wiki chache. Ajira inayotegemea mfuko mmoja wa nje ni kihatarishi cha kuandikwa kwenye rejista yako binafsi. Wakandarasi wa ndani, wakala wa barabara TARURA, wakala wa maji vijijini RUWASA, halmashauri, viwanda na kampuni za simu vina miradi isiyo na mvuto wa magari meupe, na huko ndiko kazi ya kupanga inakofanywa kwa shida na kwa wingi.

Wala usisubiri tangazo lenye neno meneja. Nenda kwa mtendaji wa kata yako, uliza mradi gani unajengwa mwaka huu wa fedha na nani anaandika kumbukumbu za kamati ya ujenzi. Ukiambiwa hakuna, jitolee kuziandika, na swali la kwanza kuwauliza mafundi liwe hili: kitu gani kitaikwamisha kazi hii, na lini?